Siku 71 kwa neno moja: uchambuzi wa kisa cha parole kilichoanzia mlangoni

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika jimbo la New York, Marekani, majira ya baridi ya mwaka 2019, ndani ya familia ya wakimbizi wa Kikongo kutoka Kivu Kusini. Nakiandika kwa ridhaa yao. Jina la kijana si lake, nitamwita Amani. Mji, kiwanda, gereza la kaunti na maafisa sitawataja, na mambo madogomadogo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha. Mimi nilikuwa upande wa familia: nilimsindikiza mama yake kwa wakili na kwenye vikao, na nikamtafsiria pale ambapo hapakuwa na mkalimani rasmi.

Nimekichagua kwa sababu humu ndani simwoni mtu mbaya. Hakuna aliyekula rushwa, hakuna aliyemwonea Amani kwa chuki. Kila mmoja alifuata utaratibu wake, na kijana ambaye hakuwa na kosa jipya hata moja akakaa jela siku 71. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Hali ilivyokuwa

Wasomaji wa Tanzania wamezoea kuisikia Bodi ya Taifa ya Parole. Wazo ni lilelile: mfungwa anatoka kabla kifungo hakijaisha, anakimalizia nje chini ya uangalizi wa afisa. Tofauti iko kwenye ukubwa. Mwaka 2019 Marekani ilikuwa na watu karibu 880,000 kwenye parole, na ukiwajumlisha na walio chini ya probesheni, yaani wanaotumikia adhabu nje kwa uangalizi badala ya kufungwa, walizidi milioni 4.

Mtu wa parole anaishi na orodha ya masharti. Aripoti kwa afisa wake siku aliyopangiwa. Asihame nyumba wala kubadili kazi bila kutoa taarifa. Asitoke nje ya kaunti au jimbo bila kibali. Asishirikiane na watu wenye rekodi ya jinai, jambo gumu sana kwa kijana ambaye binamu zake wawili wamewahi kufungwa. Awe ndani ya nyumba saa za kafyu. Afisa anaweza kuja kumkagua nyumbani, hata usiku.

Akivunja sharti lolote kati ya hayo anaweza kurudishwa jela, hata kama hajamgusa mtu wala mali ya mtu. Ripoti ya Baraza la Serikali za Majimbo iliyotoka mwaka huohuo wa 2019 ilionyesha kwamba asilimia 45 ya watu waliokuwa wakiingizwa kwenye magereza ya majimbo waliingia kwa kuvunja masharti ya parole au probesheni. Takribani robo ya wote walioingizwa waliingia kwa makosa ya kimasharti tu, kama kukosa kuripoti, kuchelewa kafyu au kupimwa mkojo na kukutwa na kilevi. Siku yoyote ile, watu wapatao 280,000 walikuwa gerezani kwa kuvunja masharti ya parole au probesheni, na gharama kwa mwaka ilizidi dola bilioni 9. Nilikuwa nazijua takwimu hizi kabla sijakutana na Amani, lakini nilikuwa sijazielewa.

Amani alifika Marekani akiwa na miaka 11, akitokea kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma. Akiwa na miaka 17 baba yake alipata uraia, naye akaupata kupitia kwake kwa mujibu wa sheria. Nataja jambo hili mapema ili msomaji aelewe kwamba alikuwa na nafuu ambayo vijana wengi wenzake hawana: kesi yake ya jinai haikuweza kumfukuzisha nchini. Akiwa na miaka 20 yeye na wenzake walivunja duka usiku. Alikiri, akapewa kifungo cha miaka 2 hadi 6. Alipofikisha miaka 2 bodi ilimkatalia. Alipozidi kidogo miaka 3 ikamwachia.

Wakati kisa hiki kinaanza, alikuwa amekaa nje miezi 14 bila doa. Alikuwa akiishi na mama yake na mdogo wake wa kike mwenye miaka 9, aliyezaliwa hukohuko. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alikuwa akifanya usafi hotelini asubuhi. Kiingereza chake kilikuwa cha salamu, bei na majina ya vyumba.

Kazi mpya na kafyu ya zamani

Masharti ya Amani yalimtaka awe ndani kuanzia saa 3 usiku mpaka saa 1 asubuhi. Kwa kazi yake ya kwanza, kuosha magari, haikuwa tabu, kwani kazi ilikuwa ikiisha saa 12 jioni. Kisha akapata kazi kiwandani, kupakia vyakula, zamu ya jioni: anaingia saa 9 alasiri, anatoka saa 5 na nusu usiku. Malipo yalikuwa bora na kulikuwa na bima ya afya.

Alifanya alichotakiwa kufanya. Alimpigia afisa wake, akamweleza. Afisa, kwa maelezo ya Amani, akamwambia hongera, akasema atalishughulikia suala la kafyu. Amani hakuomba karatasi. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakuomba, alinitazama kana kwamba nimeuliza swali la ajabu. "Dada, yeye ndiye afisa. Mimi nimwambie aandike?"

Miezi michache baadaye afisa yule akahamishiwa kituo kingine, na faili la Amani likapewa mwingine. Ndani ya faili kazi bado ilikuwa kuosha magari na kafyu bado ilikuwa saa 3. Afisa mpya alikuwa na rundo la mafaili ya kurithi, na akaanza kuyapitia kwa kuwatembelea watu majumbani.

Usiku wa mlangoni

Alifika saa 4 na robo usiku, Januari, barafu imeganda kwenye ngazi. Mama alifungua. Afisa akauliza kitu, mama akasikia jina la mwanawe tu. Akamwita binti yake, aliyetoka chumbani na nguo za kulalia.

Mazungumzo yenyewe nimeyapata kwa mama, kwa binti, na kwa ripoti ya afisa, na kwa kiasi kikubwa yanalingana. Afisa aliuliza Amani yuko wapi, amelala? Mama akajibu kwa Kiswahili cha kwao: "Hayalala. Iko ku kazi." Sisi wa huku pwani na bara ya Tanzania tungesema: hajalala, yuko kazini. Binti akatafsiri: hajalala hapa; mama anasema yuko kazini.

Mtoto hakudanganya. Kwa Kiingereza chake cha darasa la tatu alilitafuta neno karibu na lile alilolisikia, akaongeza "hapa" kwa sababu walikuwa wamesimama hapo. Afisa akauliza: tangu lini? Binti akamgeukia mama: anauliza ni tangu siku gani. Mama, akidhani anaulizwa kuhusu zamu, akasema kila siku ni hivyo, tangu Septemba.

Sasa tazama alichokisikia afisa. Mtu halali hapa, kila siku, tangu Septemba. Anasemekana yuko kazini, na faili linasema kazi yake hufungwa saa 12 jioni. Kama ningekuwa yeye, na sina mkalimani, huenda nami ningeandika vilevile. Aliandika kwamba mama, kupitia mtoto mdogo, amethibitisha kuwa mhusika halali kwenye makazi yaliyoidhinishwa tangu Septemba. Maneno hayo "kupitia mtoto mdogo" aliyaandika yeye mwenyewe. Kila aliyeisoma ripoti baada yake aliyaona na akaendelea kusoma.

Jimbo lilikuwa tayari na agizo la gavana la mwaka 2011 linalotaka idara za serikali ziwape ukalimani watu wasiojua Kiingereza. Namba ya simu ya wakalimani ipo, Kiswahili kimo, na unaunganishwa kwa dakika chache.

Kukamatwa

Mama alimweleza Amani usiku uleule kwamba afisa amekuja. Amani hakushtuka, siku yake ya kuripoti ilikuwa imebaki siku nne, akaona atamweleza ana kwa ana. Siku ilipofika, alikwenda mapema. Kwenye mfuko wa koti aliweka karatasi yake ya malipo ya kiwandani ili amwonyeshe afisa mpya kazi anayofanya.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akisubiri kuitwa. Alipoitwa, akaingia ofisini, na watu wawili wakamfunga pingu. Hati ilikuwa na mashtaka matatu: kuvunja kafyu, kubadili kazi bila kibali, na kuyahama makazi yaliyoidhinishwa. Lile la tatu ndilo zito, kwa sababu linasomeka kama kutoroka. Mtu aliyetoroka alikamatwa akiwa amekuja mwenyewe ofisini kwa afisa wake, kwa miguu yake, siku aliyopangiwa, na hakuna aliyeona ajabu.

Alipelekwa gereza la kaunti. Kule walimvua koti, wakaliweka pamoja na mkanda, simu na vyote vilivyokuwa mifukoni ndani ya mfuko wa mali za mahabusu, ukafungwa kwa lakiri. Karatasi ya malipo ikawa humo.

Dhamana haikuwepo. Hili huwashangaza hata watu waliosoma: aliyeshtakiwa kwa wizi mpya, jana yake, angeweza kuomba dhamana, mtu wa parole aliyeshikiliwa kwa kafyu, kwa utaratibu wa New York wa wakati huo, hakuweza. Alikaa ndani mpaka kikao.

Uamuzi wa kuacha kikao cha awali

Sheria ilimpa Amani vikao viwili. Kikao cha awali, ndani ya siku 15, ambapo afisa wa kusikiliza anaangalia kama kuna sababu ya kutosha kuendelea na shauri. Kisha kikao cha mwisho, ndani ya siku 90 baada ya hapo, mbele ya hakimu wa kiutawala wa idara hiyohiyo ya parole.

Siku ya 11 wakili wa utetezi anayelipwa na serikali alikutana na Amani kwa mara ya kwanza, kwa dakika chache, muda mfupi kabla ya kikao cha awali. Alimshauri akiache. Sababu zake zilikuwa za mtu anayeijua kazi yake. Kiwango cha ushahidi kwenye kikao hicho ni kidogo sana, na sharti moja tu lililovunjwa linatosha. Kafyu ilikuwa imevunjwa kweli: saa 4 na robo Amani hakuwa nyumbani, na kibali cha maandishi hakikuwepo. Wangeshindwa. Kwa kuacha, wangejenga maelewano na afisa na pengine kupata makubaliano ya haraka. Amani akatia sahihi.

Kwa kuangalia kafyu peke yake, ulikuwa ushauri sahihi. Ila kikao kile ndicho pekee ambacho mama angeweza kusimama mapema na kusema alichokisema mlangoni. Kilipoachwa, sentensi ya mtoto ikabaki kwenye karatasi bila kuguswa na mtu kwa wiki nane. Kila mazungumzo ya makubaliano yalianzia hapo. Upande wa idara ulikuja na pendekezo la miezi 12 gerezani kwa sababu, kwao, huyu alikuwa mtu aliyeyatoroka makazi kwa miezi minne.

Na mimi nina sehemu yangu. Jioni hiyo mama aliniuliza kwa simu mwanawe amefanya nini kwenye kikao. Nikamwambia ameamua kuacha kikao cha kwanza. Alichokisikia yeye ni kwamba wamemwacha. Alipika. Alikaa macho mpaka usiku wa manane akimsubiri, na asubuhi akanipigia akiuliza mbona hajafika. Nilipaswa kumweleza jambo lile kwa sentensi tatu zilizonyooka, na kumwomba anirudishie alivyoelewa. Sikufanya hivyo kwa sababu nilikuwa nimesimama kituo cha basi na nina baridi.

Wiki za katikati

Kiwandani, siku tatu za kutofika bila taarifa zinatosha kupoteza kazi. Amani hakuwa na simu. Mama hakuwa na namba ya msimamizi wala lugha ya kumweleza. Siku ya nne nafasi ikaenda kwa mwingine.

Kodi ya nyumba ilikuwa imesimama juu ya mishahara miwili. Mama akachukua zamu za jumamosi na jumapili, na binti akawa anakaa kwa jirani wa Kirundi ambaye, Mungu ambariki, hakuwahi kudai hata senti. Simu kutoka jela zililipiwa na familia, kila dakika. Ikafika mahali Amani akawa anapiga mara moja kwa wiki, anasema niko salama, anakata.

Wakili alijua kwamba ushahidi muhimu ulikuwa rekodi ya zamu: ikionyesha Amani alikuwa kazini saa ile, na kwamba kazi ile ni ya tangu Septemba, neno "kila siku" lingepata maana yake halisi. Kiwanda kilikataa kutoa rekodi za mtu ambaye si mfanyakazi wao tena bila wito rasmi. Wito ukaandikwa, ukatumwa, ukajibiwa baada ya karibu wiki tatu. Kikao cha mwisho kilichopangwa siku ya 38 kikaahirishwa kwa ombi la wakili mwenyewe, kwa sababu bila rekodi angekwenda mikono mitupu.

Muda wote huo karatasi ya malipo ilikuwa ndani ya mfuko wa mali, ghorofa mbili chini ya kitanda cha Amani. Ilikuwa na tarehe, jina la kiwanda, saa alizofanya kazi, na mstari mmoja wa ziada: nyongeza ndogo kwa kila saa ya zamu ya jioni. Mstari ule ungetosha kumfanya mtu yeyote aliyeko upande wa pili kurudi kwenye faili na kujiuliza maswali. Amani aliitaja mara moja kwa askari wa zamu, akaambiwa mali hutolewa siku ya kuachiwa. Kwa wakili hakuitaja kabisa, akidhani askari ameshamaliza suala. Wakili hakumuuliza. Nami sikuuliza.

Kikao cha mwisho

Kilifanyika siku ya 67, ndani ya gereza, chumba chenye meza moja ndefu na mashine ya kurekodia. Mkalimani alikuwa kwenye simu, sauti yake ikitoka kwenye spika katikati ya meza. Kwa lafudhi nilimfahamu kuwa mtu wa Kenya. Mimi niliruhusiwa kukaa, si kusema.

Rekodi za kiwanda ziliingizwa kwanza: Amani alikuwa amegonga kadi ya kutoka saa 5 na dakika 34 usiku ule. Kisha mama akaulizwa alimwambia nini afisa. Akasema: "Nilisema hayalala."

Kimya. Kwa Kiswahili sanifu neno lile halikai vizuri, na mkalimani akasita. Nilihisi mikono yangu imekufa ganzi, maana niliona jambo lilelile likielekea kutokea mara ya pili, safari hii chini ya kiapo. Angeweza kukisia, na mtu aliyechoka hukisia. Yeye aliomba ruhusa ya hakimu amuulize shahidi swali la ufafanuzi, akapewa. Akamwambia: "Mama, naomba unisaidie. Unamaanisha alikuwa bado hajaenda kulala, au kwamba hakuwa akilala katika nyumba hiyo?"

Mama akainuka nusu kwenye kiti. "Bado! Nilisema bado! Angelala je na iko ku kazi?"

Hakimu alimgeukia afisa, akamuuliza kama alitumia mkalimani usiku ule. Afisa akasema hapana, alitumia mtoto. Akamuuliza kama katika ziara ile aliomba kuona chumba cha Amani. Hapana. Lazima niseme kwamba afisa hakujitetea kwa maneno mengi, na kwamba alipotoka alisimama kwenye korido akamwangalia mama kama mtu anayetaka kusema kitu, ila hapakuwa na mkalimani.

Shtaka la makazi likatupwa. La kazi nalo likaondolewa. La kafyu likathibitishwa, kwa sababu sharti lilikuwa limevunjwa kweli na karatasi ya kibali haikuwepo. Hakimu akaamua muda aliokwisha kukaa ndani unatosha, arudishwe kwenye uangalizi, na kafyu ibadilishwe kulingana na kazi. Kazi ambayo hakuwa nayo tena. Taratibu za kumtoa zikachukua siku nne nyingine.

Matokeo

Siku 71. Kiwanda hakikumrudisha; kilikuwa kimeshajaza nafasi. Ilimchukua karibu miezi mitano kupata kazi nyingine ya kudumu, yenye malipo ya chini. Familia ilihamia nyumba ndogo zaidi, na hata kwa hilo ilibidi kwanza kuomba kibali cha parole.

Sitaki kulipita haraka lile la binti. Mwalimu wake ndiye aliyeona kwanza: alikuwa ameacha kutafsiri. Mama akipokea barua, binti anasema hajui. Daktari akipiga simu, binti anaingia chooni. Hakuna aliyekuwa amemlaumu, ila alikuwa mlangoni wakati mama na mimi tunaisoma ripoti ya afisa, na alikuwa na Kiingereza cha kutosha kuitambua sentensi yake mwenyewe. Alikuwa na miaka 9 na aliamini amemfunga kaka yake.

Uchambuzi

Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri la Morrissey dhidi ya Brewer, lililotoka jimbo la Iowa, ambapo watu walirudishwa gerezani bila kusikilizwa kabisa. Jaji Mkuu Burger aliandika kwamba uhuru wa mtu wa parole, hata ukiwa wa masharti, una thamani kubwa, na kuuondoa ni kumtia hasara nzito. Ndiyo asili ya vikao viwili. Kwa hiyo Amani alikuwa na haki kwenye karatasi, na alizipata zote. Kasoro ilikuwa mpangilio wake: jela ilikuja kwanza, kuuliza kilichotokea kukafuata. Siku 67 zilipita kabla mtu yeyote mwenye mamlaka hajamuuliza mama swali moja kwa lugha yake. Lilipoulizwa, jibu lilichukua muda mfupi kuliko kuvaa koti.

Kumweka mtu ndani wakati akisubiri kuna madhara hata pale ambapo mwisho wake ni haki. Hakimu wa Amani aliamua vizuri, nami namshukuru. Lakini hakuwa na uwezo wa kumrudishia kazi, nyumba wala mdogo wake wa kike kama alivyokuwa zamani. Halafu kumbuka kilichotokea mwaka uliofuata: mtu wa kwanza kufa kwa korona akiwa mahabusu katika jela ya Rikers, jijini New York, Aprili 2020, alikuwa na miaka 53 na alishikiliwa hapo akisubiri shauri la kuvunja masharti ya parole. Kwake hapakuwa na kikao cha mwisho.

Wanaotetea utaratibu ule wana hoja ambayo siidharau. Afisa anayemwacha nje mtu anayemtilia shaka, kisha mtu huyo akamdhuru mtu, atabeba lawama kwa jina lake. Afisa anayemweka ndani asiyestahili halaumiwi na mtu. Ukiwa na mafaili mengi mezani na mzani umeinama hivyo, utatia sahihi hati ya kukamata. Ndiyo maana simlaumu sana yule mmoja. Namlaumu aliyeweka mzani. Aliyekuwa na uwezo wa kupiga simu ya mkalimani alikuwa pia na uwezo wa kutopiga, bila gharama yoyote kwake.

Kwa upande wa utetezi, kosa kubwa lilikuwa kulitazama shauri kama la kafyu. Wakili aliona kwamba kafyu haina utetezi, na akalipangilia shauri lote kuzunguka udhaifu huo. Shtaka lililokuwa likimweka Amani ndani, lililozaa pendekezo la miezi 12, lilikuwa la makazi, na hilo lilikuwa na utetezi uliokuwa umekaa kwenye kiti cha pembeni, umevaa koti la hotelini, tangu siku ya kwanza. Mama alikuwa shahidi. Sote, pamoja nami, tulimchukulia kama mzazi wa kufarijiwa.

Kilichofanya kazi kilikuwa kidogo na ninakiheshimu. Wakili alivumilia kuahirisha badala ya kukubali miezi 12. Na mkalimani yule wa kwenye simu, ambaye hajui mpaka leo alichokifanya, alikiri mbele ya hakimu kwamba neno hakulielewa. Kwenye kazi hii watu huona aibu kukiri hivyo, hasa Kiswahili kikiwa ni "lugha yako". Kiswahili cha Uvira, huko Kivu Kusini, si cha Mombasa, na tofauti ya herufi moja ilikuwa na uzito wa mwaka mmoja wa maisha ya mtu.

Sheria ilivyobadilika

Tarehe 17 Septemba 2021 gavana Kathy Hochul alitia sahihi sheria mpya ya parole ya New York, na siku hiyohiyo ikatangazwa kwamba watu 191 wataachiwa kutoka Rikers. Ilianza kutumika kikamilifu Machi 2022. Chini yake, kuvunja kafyu hakumpeleki mtu jela. Kwa makosa ya kimasharti mtu hupewa taarifa ya maandishi na kwa kawaida hufika kikaoni akitokea nyumbani. Akikamatwa, lazima afikishwe mbele ya hakimu wa mahakama ndani ya saa 24 ili iamuliwe kama abaki ndani. Vifungo vya makosa ya kimasharti vina ukomo wa siku 7, 15 au 30, ushahidi lazima uwe mzito zaidi, na kila siku 30 bila doa zinapunguza siku 30 za uangalizi.

Kutoroka pia kumepewa maana: kukwepa uangalizi kwa makusudi, baada ya afisa kujaribu kumpata mtu na kushindwa. Amani, aliyekamatwa akiwa amekuja mwenyewe kuripoti, asingeingia humo. Angepata barua, angeendelea kwenda kiwandani jioni, na siku ya kikao angeitoa karatasi ya malipo kutoka mfuko wa koti lake.

Sheria hiyo ni ya jimbo moja. Nimekuwa nikitafsiri kwa familia za majimbo mengine pia, na kule bado nasikia kisa hiki kikianza upya kwa majina tofauti.

Nilichobadilisha

Familia zenye mtu wa parole sasa naziomba ruhusa yoyote iwe na maandishi, hata ujumbe wa simu tu: "Afisa, nakushukuru kwa kunikubalia leo kufanya zamu ya jioni." Ukimtumia hivyo, humwamrishi chochote, na tayari una karatasi. Mlangoni pa mama kuna kadi niliyoichapa, yenye ombi kwa Kiingereza la mkalimani wa Kiswahili cha Kongo, na amefundishwa kuionyesha kwanza, kabla ya kumwita mtoto. Binti ana miaka mingi zaidi sasa na ameanza tena kusoma barua za nyumbani, zile za shule tu.

Na mtu akinipigia kuniambia ndugu yake amechukuliwa na parole, kabla ya kuuliza kosa, namuuliza alikuwa na nini mfukoni.